Mwongozo kamili: kumwandika na kumchora mhusika wa Kihadzabe bila kumgeuza pambo la porini

Nimepitia rasimu nyingi za waandishi na wachoraji chipukizi, na kila awamu huja angalau hadithi moja yenye Mhadzabe ndani yake. Karibu zote zinafanana. Mwanafunzi kutoka Dar anapotea porini, kichaka kinatikisika, anatokea mtu mwenye ngozi ya nyani begani na upinde mkononi. Anasema maneno matatu ya Kiswahili kilichovunjika, anamwonyesha mgeni njia, kisha anatoweka. Hana jina. Hana mama. Hajui leo ni siku gani.

Nimechoka kuandika maoni yaleyale pembeni mwa karatasi, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nimewachagua Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachumaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwa ndio wanaoharibiwa zaidi katika kazi ninazopokea, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliwaharibu katika hadithi yangu ya kwanza. Ukiandika juu ya jamii nyingine za namna hiyo, kama Waogiek wa Mau, Wabatwa au Waakie wa Kiteto, hatua zenyewe zitakufaa. Mambo ya ndani tu ndiyo usiyahamishe: ya Eyasi yabaki Eyasi.

## Utakachohitaji

- Ramani inayoonyesha Ziwa Eyasi, Mang'ola, Bonde la Yaeda, na wilaya za Karatu, Mbulu, Mkalama na Meatu.
- Rekodi ambamo Wahadzabe wenyewe wanaongea kwa dakika kadhaa mfululizo, bila msimulizi kuwafunika sauti.
- Picha zenye maelezo: zilipigwa wapi, mwaka gani, na nani. Picha isiyo na maelezo iache, hata ikiwa nzuri namna gani.
- Ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa juu yake "Nilidhani". Kila kitu unachokiamini bila kujua ulikitoa wapi kiandike humo.
- Fedha za kumlipa msomaji wa kwanza kutoka kwao. Ziweke kando leo, maana mwishoni huwa hazipatikani.
- Mwezi mmoja zaidi ya muda uliokuwa umejipangia.

## Hatua ya 1: Safisha maneno kabla ya sentensi ya kwanza

Kiswahili kimebeba majina mengi ambayo watu waliwapa jirani zao bila kuwauliza. "Watindiga" na "Wakindiga" ni majina ya watu wa nje. Wenyewe hujiita Hadzabe. Sisi tukaongeza kiambishi chetu, tukapata Wahadzabe, na mmoja wao Mhadzabe. "Wandorobo" limetokana na neno la Kimaasai la kumshusha mtu asiye na ng'ombe, nasi tukalibandika kwa Waogiek, Waakie na wengine kana kwamba ni kitu kimoja. "Wamang'ati", tunavyozoea kuwaita Wadatoga, nalo limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. "Mbilikimo" linampima mtu kimo chake na kuishia hapo.

Msimulizi anayetumia neno la dharau ameshatoa hukumu kabla mhusika hajafungua mdomo. Neno hilo likitoka kinywani mwa mhusika, kwa mfano mnunuzi wa vitunguu pale Mang'ola, ni jambo jingine. Liache, lakini awepo mtu wa kulisikia na uso wake uonekane.

Kisha tafuta neno "bado". "Wahadzabe bado wanawinda." "Bado wanaishi kwa asali na mizizi." Hakuna anayeandika kwamba Wasukuma bado wanalima pamba. Hiyo "bado" inamweka mtu kwenye foleni ya kwenda kuwa kama wewe, na yeye hajasema popote kwamba yuko kwenye foleni hiyo. Ifute. Futa pia "wa kale", "enzi za mawe" na "walioachwa nyuma". Mhusika wako anaishi mwaka uleule unaoishi wewe.

Kuna mabishano kuhusu neno lenyewe, "watu wa asili". Wengi hapa nyumbani husema Waafrika wote ni wa asili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 ikiwatambua Waogiek wa Kenya kuwa jamii ya watu wa asili wenye haki juu ya ardhi yao msituni Mau. Ukiandika makala, mjadala huo unakuhusu. Ukiandika hadithi haukuhusu sana, kwa sababu hakuna mtu anayeamka asubuhi akajiita mtu wa asili.

Utajuaje umefaulu: soma ukurasa wa kwanza kwa sauti ukitaja kabila la bibi yako kila mahali palipoandikwa Wahadzabe. Sentensi yoyote itakayokufanya utake kumficha bibi asiisikie, itoe.

## Hatua ya 2: Chagua kambi moja, msimu mmoja, mwaka mmoja

Wahadzabe ni watu zaidi kidogo ya 1,000, na hata hivyo maisha yao hayafanani kila mahali. Mang'ola kuna mashamba ya vitunguu ya umwagiliaji, na magari ya watalii hufika kabla jua halijachomoza. Yaeda Chini na Mongo wa Mono ni hadithi nyingine. Ukisema tu "kwa Wahadzabe", hujasema mahali.

Mwaka nao una uzito. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hatimiliki za kimila za ardhi yenye ukubwa wa takriban hekta 20,000. Hadithi ya mgogoro wa ardhi iliyowekwa mwaka 2006 na ile ya mwaka 2016 haziwezi kuwa na hofu ileile. Niliwahi kupokea rasimu ambayo mzee analia kwamba hawana karatasi yoyote ya kuonyesha, na mjukuu wake ana simu janja ya juzijuzi mkononi. Mwandishi hakuwa na nia mbaya. Hakuwa amechagua mwaka, basi.

Msimu ndio utakaokupa matukio. Kiangazi maji yanabaki sehemu chache, kambi zinasogea karibu nayo, na wanaume huvizia usiku kwenye maficho pale wanyama wanapokuja kunywa. Mvua ikinyesha matunda madogo ya vichakani yanaiva, na kuelekea mwisho wa mvua asali inakuwa nyingi. Chagua kimoja. Hadithi yenye asali tele, maji ya shida na ubuyu mkavu ndani ya wiki moja imeandikwa na mtu aliyechanganya picha za safari tatu.

Tahadhari: usimweke Mhadzabe kwenye msitu mnene wenye mimea ya kuning'inia na ukungu. Nchi ya Eyasi ni ya migunga, mibuyu, majabali, miiba na vumbi, na ziwa lenyewe ni la magadi. Msitu huo umeuokota kwenye filamu.

Umefaulu ukiweza kujibu bila kuangalia daftari: maji ya leo yamechotwa wapi? Kambini kuna nani na nani? Jirani wa karibu anaongea nini: Kidatoga, Kiiraqw, Kisukuma au Kiisanzu?

## Hatua ya 3: Mpe haja ambayo haikuhusu wewe

Hapa ndipo rasimu nyingi hufia, na hapa nitakaa.

Watafiti wamewapima Wahadzabe karibu kila kitu: nguvu wanazotumia kwa siku, saa wanazolala, hata bakteria wa tumboni. Lakini saka hadithi ambamo Mhadzabe amemkasirikia shemeji yake, uone utahangaika kiasi gani. Tumewaona mno kama jibu la maswali yetu: tulikula nini zamani, tulilala vipi, tulikuwa nani. Mwandishi naye anaingia mkenge uleule. Mhadzabe wake yupo ili mtu wa mjini ajifunze jambo kuhusu maisha.

Dawa ni kumtafutia mhusika kitu anachokitaka ambacho kingekuwepo hata kama wewe usingefika.

Mfano mmoja. Wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wa kamari uitwao lukuchuko. Wanarusha vipande vya magome kwenye shina la mti, na jinsi vinavyoanguka ndiko kushinda au kushindwa. Wanachezea vitu wanavyovihitaji kweli, ikiwemo mishale. Sasa hebu mwone kijana aliyepoteza mishale yake mizuri ya chuma alasiri moja, na kesho ameahidi kwenda kuvizia na baba mkwe. Ataazima? Atadanganya kwamba imevunjika? Atarudi mtini kuicheza kandambili aliyovaa? Hadithi imeshaanza, na hakuna mtalii aliyepotea.

Mfano wa pili. Mara nyingi kijana akioa huishi kambi moja na mama wa mkewe, na mama huyo ana macho. Anaona nani kaleta nyama na nani kaleta maneno. Mwandishi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuishi karibu na wakwe ana vya kuandika hapo. Lakini aandike mambo ya kambini, asihamishie varanda ya Tanga.

Halafu kuna suala la chifu. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa naye: mzee mwenye fimbo ya nakshi, ameketi juu ya jiwe, anatoa amri. Kijana mmoja wa Yaeda niliyemsomea alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Huyu anamwamuru nani?" Wahadzabe hawana machifu wa jadi. Mtu asiyependezwa na maneno ya mwenzake hubeba vitu vyake akahamia kambi nyingine. Leo wapo viongozi wa vijiji na vitongoji kama mahali pengine Tanzania, na huyo unaweza kumwandika, pamoja na mhuri wake na mikutano isiyohudhuriwa. Kiti cha enzi ndicho kisichokuwepo. Na ukishamtoa chifu utagundua ugomvi wa hadithi unakuwa mtamu zaidi, maana hakuna wa kuumaliza kwa neno moja.

Zoezi: andika maneno 300 ya tukio lisilo na mgeni, lisilo na hatari, lisilo na windo. Watu watatu kivulini. Mmoja anataka kitu, wa pili hataki kumpa, wa tatu anacheka. Ukishindwa, bado humjui mhusika wako. Rudi kwenye rekodi usikilize tena.

Tahadhari: usikimbilie upande wa pili ukamfanya mtakatifu. Mhadzabe mwenye hekima muda wote, anayeongea kwa methali na kujua dawa ya kila ugonjwa, ni pambo lilelile lililopakwa asali. Mpe uvivu kidogo. Mpe uongo mdogomdogo. Mpe wimbo asioujua vizuri na anaouimba kwa nguvu.

## Hatua ya 4: Rekebisha mazungumzo

Wahadzabe wengi wanaongea Kiswahili pamoja na lugha yao, na wengine huongeza ya jirani. Wapo waliosoma hadi chuo kikuu. Ajabu ni kwamba kwenye rasimu zetu wote huongea hivi:

"Mimi kwenda mbali. Simba kula wewe. Wewe fuata mimi."

Hicho si Kiswahili cha Mhadzabe. Ni tafsiri ya maneno ya "Mwafrika" katika filamu za Kizungu za zamani, nasi tumekigeuza tukampa jirani yetu. Tazama tukio lilelile likiandikwa upya:

"Njia hiyo inaishia korongoni. Umekuja na nani?"
"Peke yangu."
"Na gari?"
"Limezama mchangani."
"Basi kaa kivulini jua lipungue. Ukianza sasa hivi, maji yako yataisha kabla hujaufikia ule mbuyu."

Hakuna la ajabu lililosemwa. Lakini sasa mtu anauliza maswali, anakadiria maji, na anajua mgeni ni mjinga bila kumwambia. Lafudhi ukitaka kuionyesha, ionyeshe kwa sentensi moja ya msimulizi, kisha iache.

Wahusika wakiongea Kihadzabe wao kwa wao, waandikie Kiswahili kamili, chenye utani, matusi mepesi na sentensi ndefu. Ndani ya lugha yake hakuna mtu anayeongea kwa kigugumizi.

Sasa vidoko. Kihadzabe kina konsonanti za vidoko, yaani sauti zinazotokana na kubandua ulimi kinywani, na katika maandishi yake herufi c, q na x hutumika kuziwakilisha. Ni konsonanti kama t na k zilivyo kwetu. Rasimu zinasema "alitoa milio ya ajabu ya ulimi" au, mbaya zaidi, "alilialia kama ndege". Hakuna anayesema Mwarabu alitoa mlio wa koo alipomsalimia mwenzake. Andika: alisema.

Usimfanye pia Msandawe, wala ndugu wa watu wa Kalahari, kwa sababu tu nao wana vidoko. Wataalamu wa lugha wanakihesabu Kihadzabe kuwa lugha ya pekee, isiyothibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Na usitunge maneno yake. Neno moja ulilopewa na mzungumzaji, limeandikwa anavyotaka yeye, linatosha ukurasa mzima.

Utajuaje umefaulu: funika majina ya wasemaji. Kama unaweza kumjua kila mmoja kwa anavyoongea, na hakuna unayemjua kwa makosa ya sarufi, endelea.

## Hatua ya 5: Kazi za mikono ziwe sahihi

Wasomaji husamehe mengi, lakini mtu aliyeshika upinde tangu utotoni hatakusamehe upinde mbovu.

Upinde na mishale. Upinde wa Kihadzabe ni mrefu, hukaribia kimo cha mwenye nao na pengine humzidi, na uzi wake ni wa kano za mnyama. Mishale mara nyingi hubebwa mkononi pamoja na upinde, kwa hiyo ile podo ya mgongoni uliyoichora imetoka Ulaya. Kuna mishale ya ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, na ya ncha ya chuma kwa wakubwa. Chuma hicho mara nyingi ni msumari uliogongwa hadi ukawa bapa. Kingine hununuliwa kwa wahunzi wa Kidatoga. Silaha ni upinde. Mkuki na ngao umeviazima kwa Wamaasai.

Sumu hupikwa kwa utomvu wa mimea na hupakwa nyuma ya ncha za chuma. Haiui papo hapo. Rasimu zinamwangusha tandala kana kwamba kapigwa risasi, na hapo mwandishi anajipora mwenyewe. Mwindaji akishapiga, huacha muda upite, anaweza hata kurudi kambini kutafuta wenzake, ndipo wafuate damu na nyayo. Saa hizo za kungoja ndizo hadithi yenyewe: amepiga kweli, au amejidanganya? Awaambie wenzake sasa, au asubiri asije akaaibika?

Asali. Kuna ndege mdogo anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Wahadzabe humwita kwa miluzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha na Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, ambao humwita ndege huyohuyo kwa sauti tofauti kabisa, na ukaonyesha kwamba ndege wa kila mahali huitika zaidi mwito wa watu wa hapo. Kwa hiyo usikopi mwito wa Msumbiji ukauleta Eyasi. Mzinga ukiwa juu ya mbuyu, mpandaji huchonga vigingi vya mti, akavigonga kwenye shina kimoja baada ya kingine, akavikanyaga kama ngazi huku ana shoka na kijinga cha moshi. Mchore akiwa katikati, mguu mmoja kwenye kigingi na mkono unagonga kinachofuata. Mchoro huo una hofu ndani yake kuliko simba kumi.

Mizizi. Wanawake huchimba kwa fimbo iliyochongwa ncha na kukazwa kwa moto, mara nyingi wakiwa kundi, na watoto pembeni. Mizizi huchomwa kidogo, humenywa, kisha hutafunwa. Baadhi yake ina nyuzi nyingi: unafyonza utamu na maji, makapi unayatema. Katika hadithi yangu bibi mmoja alikula mzizi "hadi akaumaliza, akapangusa midomo". Wanawake waliposomewa sentensi hiyo walicheka muda mrefu, na mmoja akauliza kama bibi huyo alikuwa mbuzi.

Nyumba. Ni za matawi na nyasi, za duara na fupi, na wajenzi ni wanawake. Mwanaume anayejenga kibanda kwa ajili ya mkewe kama zawadi ya mapenzi anaweza kuwa mzuri katika hadithi nyingine.

## Hatua ya 6: Acha yaliyofunikwa yafunikwe

Kuna ngoma ya epeme, ngoma yao takatifu. Wachoraji wanaipenda sana na karibu wote huichora na moto mkubwa katikati, ndimi za moto zikimulika nyuso. Epeme huchezwa usiku usio na mwezi, na mioto ya kambini huzimwa. Giza ndilo lenyewe. Ndiyo maana nikiona ule moto najua mchoraji hakuuliza mtu yeyote.

Kuna pia nyama ya epeme, sehemu za mnyama ambazo ni za wanaume waliokwisha kuingizwa katika epeme peke yao, na huliwa mbali na wengine. Mimi huishia mlangoni: mhusika wangu anasikia njuga na manyanga gizani, ananyamaza, msomaji ananyamaza naye. Nikitaka kwenda mbele ya hapo naomba ruhusa, na nikikataliwa nabaki na njuga. Kuwa jambo limeshaandikwa na mtafiti fulani hakulifanyi kuwa lako.

## Hatua ya 7: Mchoro, na michoro ya mashabiki

Anza na nguo za siku ya kawaida. Kaptula, fulana ya mitumba, pengine jezi ya Yanga iliyopauka, katambuga za tairi miguuni. Wanawake wana kanga au kitenge na shanga. Ngozi za wanyama leo huvaliwa mara nyingi kwa ajili ya wageni wanaolipa. Unaweza kuzichora, lakini hapo wachore na wageni, na kamera zao. Mchoro unaoonyesha ngozi na kuficha kamera umedanganya.

Toa shuka nyekundu. Toa ngozi ya chui, mifupa puani, meno shingoni. Toa kuchuchumaa kwa kila mtu. Watu husimama, huegemea, hulala chali wakiangalia mawingu. Ukichora watatu, nyuso tatu zisiwe uso mmoja ulionakiliwa.

Kuhusu picha za kuigia. Usinakili uso wa mtu halisi kutoka kwenye picha ya mtalii ukamgeuza mhusika wako. Mtu huyo yupo, ana majirani, na hakuombwa. Chukua mkao hapa, mwanga pale, upinde kwingine, uso ubuni mwenyewe. Watoto wawe mwiko kabisa.

Ukimgeuza shujaa maarufu wa filamu au katuni awe Mhadzabe, kazi ambayo mashabiki huipenda, kumvisha shanga hakutoshi. Uliza anabadilika nini. Shujaa aliyekuwa mwana wa mfalme hana ufalme huku; "Malkia wa Wahadzabe", ambaye nimeshamwona akiwa na taji la manyoya, hana wa kumtawala. Nguvu zake atazionyesha kwa nani, na nani atamdhihaki akijisifu? Mchoro bora wa aina hii niliowahi kupokea ulimwonyesha shujaa mwenye misuli ameketi chini ya mti amenuna, amepoteza mishale yote kwenye lukuchuko, na vikongwe wawili nyuma yake wakicheka.

Utajuaje umefaulu: geuza mchoro kichwa chini, utazame kitu gani kinavuta jicho kwanza. Kikiwa ni ngozi au upinde, umechora vifaa. Kikiwa ni uso au mkono unaofanya jambo, umechora mtu.

## Hatua ya 8: Msomaji wa kwanza kutoka kwao

Rafiki yako aliyetembelea Eyasi siku mbili hahesabiwi. Tafuta kupitia ofisi ya kijiji, walimu, au waongoza wageni wa Mang'ola, ukieleza mapema kazi ni nini na malipo ni kiasi gani. Lipa kama unavyomlipa mhariri, na ulipe hata akisema hadithi ni mbovu. Hasa akisema hivyo.

Wengine watapenda kusomewa kuliko kusoma. Rekodi hadithi kwa sauti yako, itume kwa simu vipandevipande, naye akujibu kwa sauti. Njia hii imenipa maoni mazuri kuliko maandishi, kwa kuwa unasikia pale mtu anapoguna.

Swali la "umeipendaje?" litakuletea jibu la adabu, na Watanzania tuna adabu nyingi mno. Uliza hivi:

1. Ni wapi ulicheka nisipotaka ucheke?
2. Nani hapa hafanani na mtu yeyote unayemjua?
3. Kuna jambo nililolisema ambalo halisemwi mbele ya watoto, au mbele ya wanawake, au mbele ya wageni?
4. Mama yako akisikia hadithi hii, atauliza nini?

Tahadhari: mtu mmoja ni mtu mmoja. Akikubali, hajakubali kwa niaba ya wenzake wote. Na uwe tayari kuambiwa usiichapishe. Imenitokea mara moja. Niliiweka kabatini, na bado imo.

Umefaulu msomaji akianza kubishana na mhusika badala ya kubishana na wewe. "Huyu kijana mpumbavu, kwa nini hakuazima kwa kaka yake?" Ukisikia hilo, injika chai.

## Hatua ya 9: Kuchapisha na kinachofuata

Chini ya kazi andika ulikotoa mambo yako na nani alikusaidia, kwa jina lake akikubali. Usiandike "kwa idhini ya Wahadzabe". Hakuna ofisi moja inayotoa idhini hiyo, na aliyekusaidia atalaumiwa nyumbani kwa maneno yako.

Kama utauza picha au kitabu, mgawo wa waliokusaidia uzungumzwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Mtu akikusahihisha hadharani, sahihisha palepale kwenye kazi, andika tarehe na kilichobadilika, bila ya ile hotuba ndefu ya jinsi ulivyokuwa na nia njema.

Kisha peleka nakala. Upande wa Yaeda mtandao unaweza kusumbua, na picha uliyoihangaikia wiki tatu itafika kama ukungu. Chapa mbili za karatasi, ziweke kwenye bahasha ngumu, uzipeleke stendi ya Karatu kwa dereva anayekwenda njia hiyo. Andika jina la mpokeaji na namba yake ya simu kwa kalamu isiyofutika, kubwa, pande zote mbili. Bahasha itakaa juu ya dashibodi, jua na vumbi vitaila.